Faini ya Mweka Hazina

Mwezi wa sita, Alhamisi, saa kumi jioni.
Redio iko juu ya debe la asali,
nami mlangoni, Ng'ambo ya Tabora,
nabangua karanga, namsikiliza Waziri wa Fedha.
Anasema trilioni.
Kidole kinasimama kwenye ganda.
Sifuri ngapi hizo? Kumi na mbili, anasema mjukuu.
Sisi kikobani tunaishia sita,
na hizo sita hatuzioni kabla tumbaku haijauzwa.

Mawaziri wa fedha siwajui kwa majina.
Nawajua kwa bei.
Yule wa kibiriti, nikiwa sijavunja ungo.
Yule wa mafuta ya taa: tulilala mapema mwaka mzima
na ndipo nikapata mapacha.
Yule aliyesema tufunge mikanda,
mama akaijibu redio: mkanda upi, baba, hii ni khanga.
Kila mmoja alianza na Mheshimiwa Spika,
kila mmoja alimaliza kwa meza kupigwa.

Lakini pesa iliwahi kuzaliwa hapa.
Babu wa baba yangu, Mgalula, alikuwa karakana ya reli
Mjerumani alipozingirwa, meli hazifiki,
rupia zimekwisha, askari wanadai.
Wakakusanya maganda ya mizinga
(si ya nyuki, ya vita)
wakagonga heleri ishirini zenye herufi T.
T ya Tabora.
Wakagonga na dhahabu kidogo, yenye tembo;
Mgalula aliigusa kwa koleo tu.
Mwezi wa tisa Wabelgiji wakaingia,
heleri ikawa kifungo cha shati.
Dola ilihama na taji lake, neno likabaki:
hadi leo ukidaiwa unasema huna hela.

Sanduku letu lina kufuli tatu.
Ufunguo mmoja anao Nyanzobe wa dagaa,
mmoja Mwamvita wa cherehani,
wa tatu anao Tatu; tulicheka, jina limempa cheo.
Mimi mweka hazina sina hata mmoja.
Ndiyo kazi yenyewe: unailinda, huifungui.

Masika yaliyopita mtoto wa Tatu alipata degedege usiku.
Mwamvita yuko msibani Urambo, ufunguo kiunoni.
Nikachukua shoka la kuchongea mizinga
(ya nyuki, safari hii)
nikavunja kufuli,
nikahesabu elfu arobaini kwa mwanga wa simu.
Bodaboda. Kitete. Damu. Dripu.
Mtoto yupo. Juzi kanivunjia chungu.

Jumamosi wakakaa. Wakanishukuru, Tatu akalia,
vigelegele hadi kwa jirani.
Kisha Nyanzobe akafungua daftari:
kuvunja kufuli bila kikao, elfu tano.
Kufuli mpya, juu yako.
Nikasema, lakini mtoto...
Akasema: ya mtoto tumeshashukuru.
Sasa tuko kwenye kufuli.

Nikalipa. Faini yangu nikaiandika mwenyewe,
maana kuandika ndiko nilikochaguliwa,
nikatia sahihi, wino ukagoma, nikarudia.

Waziri anakunywa maji, nasikia bilauri.
Simchukii. Fedha ya watu ni nzito
hata ikiwa elfu arobaini.
Ningependa tu kumuuliza:
ufunguo wako wa pili anao nani?
Akiwa msibani, mnafanyaje?
Na siku ukivunja, hata kwa jema,
daftari analifungua nani,
na huyo, sokoni, anauza nini?

Meza zinapigwa. Karanga zimejaa ungo.
Keshokutwa tutahesabu: noti, halafu sarafu,
halafu ile heleri iliyolala chini kabisa,
ambayo hainunui hata chumvi.
Nyanzobe ataita: na moja ya Mgalula.
Nami nitaandika: ipo.